Vyumba vya Seli na Mlango Mmoja: Somo Litokalo kwa Mbung'o wa Sitalike

DIBAJI

Ama baada. Ndugu msomaji, yeyote aliyeshika njia itokayo Mpanda kwenda Sitalike, akafika penye mto Katuma ambapo viboko husongamana matopeni wakati wa kiangazi, amekwisha kumwonja mbung'o. Watu wengi wa bara humwita ndorobo. Ni inzi wa rangi ya kahawia. Akitua huziweka mbawa zake moja juu ya mwenziwe, mithili ya mkasi uliofumbwa, na akiuma huuma hata juu ya nguo. Hifadhi ya Katavi, iliyofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1974, na ambayo makao yake makuu yako hapo Sitalike, ina inzi hao wengi. Kwani wamepata kivuli cha miombo na damu ya nyati, ngiri na pofu.

Ndani ya baadhi ya inzi hao huishi vijidudu viitwavyo tripanosoma. Ng'ombe wakivipata huugua nagana: hukonda, nywele zao husimama, na wengi hufa. Basi hapa pana swali ambalo mwenye akili hana budi kuliuliza. Ikiwa inzi mmoja amemwuma ng'ombe asubuhi, akamwuma na mchungaji adhuhuri, kwa nini ng'ombe augua na mchungaji asalimika? Na kwa nini mara nyingine, ijapokuwa ni chache, mchungaji naye hupatwa na malale, na asipotibiwa hufa?

Jawabu lake haliko katika ugumu wa ngozi ya mtu wala katika ushujaa wake. Jawabu limo katika chumba kimoja kidogo kilichomo ndani ya kijidudu chenyewe, na katika njia iendayo kwenye chumba hicho. Wala hatuwezi kulifahamu mpaka tujue vyumba vya seli ni vipi, na jinsi vinavyosaidiana. Tutaanza na majina, kisha tutaeleza kazi, kisha mafungamano. Halafu tutarudi kwa mbung'o wetu.

FASILI YA KWANZA: MAJINA YA VYUMBA

Fahamu ya kwamba kila chenye uhai, kiwe ni mpunga wa bondeni au tembo wa Katavi au mwanadamu, kimejengwa kwa seli. Seli ni kama nyumba ndogo sana. Ukuta wake wa nje ni utando mwembamba uliofanywa kwa mafuta, na katika mafuta hayo zimepandikizwa protini. Ndani yake mna uji uitwao saitoplazimu, na katika uji huo mna vyumba viitwavyo oganeli. Baadhi ya vyumba hivyo vimezungushiwa utando wa jinsi ile ile ya ukuta wa nje, navyo vina mawasiliano baina yao. Hivyo ndivyo tunavyovisomea leo.

Cha kwanza ni kiini. Humo ndimo yaliyomo maandishi ya urithi, yaani jeni, ambayo kila protini hutengenezwa kwa kuyafuata.

Cha pili ni retikulamu ya endoplazimu. Asili ya neno retikulamu ni wavu mdogo, basi sisi tutauita Wavu. Ni utando uliokunjwa na kutandazwa kutoka pembezoni mwa kiini, wenye mianya na mifereji. Sehemu yake moja ina chembe nyingi zilizoushika kwa nje, ziitwazo ribosomu. Hizo ndizo zinazofuma protini. Sehemu nyingine ni laini, haina chembe hizo, na miongoni mwa kazi zake ni kutengeneza mafuta ya tando.

Cha tatu ni Golgi, ambayo ni mifuko iliyobapa iliyopangwa mmoja juu ya mwingine kama chapati katika sahani.

Cha nne ni vifuko, vidogo na vya mviringo, vinavyobeba mizigo kutoka chumba hiki hata chumba kile.

Cha tano ni endosomu, ambayo ni ukumbi wa kupokelea vinavyotoka nje.

Cha sita ni lisosomu, ambayo ni chumba chenye ukali wa tindikali na vimeng'enya vya kuvunja na kuyeyusha.

Na cha saba ni ukuta wenyewe wa nje, kwani nao ni mwisho wa njia moja na mwanzo wa njia nyingine.

Ama mitokondria, ambazo huipatia seli nguvu, hazihesabiwi katika jamii hii. Maana hazipelekewi mizigo kwa vifuko hivi tuvielezavyo.

FASILI YA PILI: NJIA YA KUTOKA

Tutwae mfano mmoja tuufuate tangu mwanzo wake. Mtu akipatwa na maradhi, seli fulani za damu yake hugeuka kuwa watengenezaji wa antibodi, nazo ni protini za kumshika adui. Seli moja ya namna hiyo yaweza kutoa maelfu ya antibodi kwa sekunde moja. Ukiitazama kwa hadubini ya elektroni utaona kwamba Wavu umeijaza karibu seli nzima. Hali hiyo ni dalili ya kwanza kwamba kazi hiyo ni ya Wavu.

Kazi huanza hivi. Nakala ya maandishi hutoka katika kiini, ikafika kwenye ribosomu, nayo ribosomu huanza kuifuma protini kama ufumavyo ukili. Mwanzo wa ukili huo una alama. Alama hiyo ikitokea, ribosomu husimamishwa, hupelekwa mpaka kwenye ukuta wa Wavu, na huko kuna tundu maalumu. Hapo kazi huendelea, na protini hupenyezwa ndani ya Wavu huku ikifumwa. Shika neno hili vizuri: hapo ndipo antibodi ilipovuka ukuta, wala haitavuka ukuta mwingine tena mpaka itakapokuwa nje ya seli. Mlango ni mmoja tu.

Ndani ya Wavu antibodi hukunjwa, na vipande vyake vinne, viwili vizito na viwili vyepesi, hufungwa pamoja. Kisha huongezwa sukari. Huko wako wasaidizi, nao ni protini nyingine, kazi yao ni kuishikilia ile isiyokwisha kukunjwa vyema. Iliyoharibika kabisa hairuhusiwi kuendelea. Hurudishwa katika uji wa seli ikavunjwa. Kwa hiyo Wavu si karakana tu, bali ni karakana yenye mkaguzi.

Iliyokubaliwa hukusanywa mahali ambapo utando wa Wavu huanza kutuna. Protini za nje huufinya mtuno huo mpaka ukakatika, na mara hapo pana kifuko kamili, chenye mzigo ndani yake. Kifuko hicho huifikia Golgi, nacho hujiunga nayo. Golgi hupunguza sukari hizi na kuongeza zile, na upande wake wa mwisho huainisha mizigo: huu ni wa kwenda nje, huu ni wa lisosomu, huu ni wa ukuta. Na protini za Wavu zilizochukuliwa kwa makosa hutiwa katika vifuko vya kurudi, zikarudishwa kwao. Laiti vifuko vingekwenda tu bila kurudi, Wavu ungelikwisha na Golgi ingelijaa kupita kiasi.

Kutoka Golgi, kifuko cha mwisho huiendea njia ya ukutani. Mara nyingi huvutwa na protini zinazotembea juu ya nyuzi za seli kama wapagazi juu ya njia. Kikifika hujiunga na ukuta, na antibodi hujikuta nje, ndani ya damu.

Pengine utauliza: kifuko hujiungaje na ukuta pasipo kuitoboa seli? Tazama mchuzi uliopoa kidogo. Matone mawili ya mafuta yakigusana juu yake huwa tone moja, wala hapabaki ufa. Tando za seli nazo ni za mafuta. Lakini haziungani ovyo kama mchuzi, bali kila kifuko kina protini za kufumana na wenzao walioko kule kiendako, kama kufuli na ufunguo wake. Zikipatana, tando mbili huvutwa zikawa moja. Zisipopatana, kifuko hupita.

Na sasa fikiri jambo la ajabu. Ikiwa utando wa kifuko huwa sehemu ya ukuta, na kilichokuwa ndani ya kifuko huwa nje ya seli, basi undani wa Wavu, na undani wa Golgi, na undani wa vifuko, vyote vina hukumu moja na nje. Seli imeiweka nje yake ndani ya nyumba, ikaizungushia kuta, ili ifanye humo kazi ambazo haziwezi kufanyika katika uji wake. Hii ndiyo siri ya jamii yote ya vyumba hivi.

FASILI YA TATU: USHAHIDI

Haya hayakujulikana kwa kukisia. Camillo Golgi, tabibu wa Pavia katika Italia, aliipaka seli ya neva rangi ya madini ya fedha, akaueleza wavu aliouona mwaka 1898. Kwa miaka mingi wenzake walibishana: wengine walisema ni kitu cha kweli, na wengine walisema ni uchafu uliofanywa na ile rangi. Hadubini ya elektroni ndiyo iliyoukata ubishi huo katikati ya karne ya 20.

Kisha akaja George Palade, mzaliwa wa Rumania aliyefanya kazi Marekani. Katika miaka ya 1960 yeye na James Jamieson walizitwaa seli za kongosho, wakazipa kwa dakika chache tu chakula cha kujengea protini kilichotiwa alama ya mionzi, kisha wakazipa chakula cha kawaida, wakatazama alama iko wapi. Mwanzo ilionekana penye Wavu. Baada ya dakika kama 20 ilionekana penye Golgi. Baada ya saa moja na zaidi ilikuwa imekwisha kufika katika vifuko vinavyongoja kumwagwa nje. Basi njia ikajulikana, na mpango wa vituo vyake ukajulikana. Palade alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1974, pamoja na Albert Claude na Christian de Duve.

Ushahidi mwingine ulitoka katika hamira. Mwaka 1979 Peter Novick na Randy Schekman walionyesha hamira zenye kasoro katika jeni moja, ambazo vifuko vyake vilifanyika lakini havikuweza kumwagwa. Seli zikajaa vifuko kama bohari lililofungwa mlango. Kwa kasoro hizo, moja baada ya nyingine, wataalamu walijua kila mfanyakazi ni wa kituo kipi. Schekman alipata Nobel mwaka 2013, pamoja na James Rothman na Thomas Südhof.

FASILI YA NNE: NJIA YA KUINGIA

Seli haitoi tu, bali hupokea. Ukuta wake hubonyea kwa ndani, ukajifunga, ukawa kifuko chenye kitu kilichotoka nje. Kifuko hicho hujiunga na endosomu. Hapo pana hukumu: cha kurudishwa ukutani hurudishwa, na cha kuvunjwa hupelekwa lisosomu. Kadiri kiendavyo mbele ndivyo tindikali inavyozidi, kwa sababu utando wa vyumba hivyo una pampu zinazoingiza tindikali bila kuchoka.

Lisosomu ilitambuliwa na de Duve mwaka 1955. Vimeng'enya vyake vyaweza kuvunja protini, mafuta na sukari. Utasema: mbona haviivunji seli yenyewe? Vimefungiwa ndani ya utando, na tena hufanya kazi vizuri penye tindikali tu. Vikivuja kidogo katika uji wa seli hupungukiwa na nguvu.

Lakini vimeng'enya hivyo vyenyewe vimetoka wapi? Vimefumwa penye Wavu, vikapita Golgi, na humo vikatiwa alama ya sukari yenye fosforasi, nayo ni anwani ya lisosomu. Wapo watoto wachache duniani wanaozaliwa hali Golgi yao haiwezi kuitia anwani hiyo. Vimeng'enya vyao ni vizima, lisosomu zao zipo, na vifuko vyao vyatembea; lakini kwa kukosa anwani mizigo humwagwa katika damu, na lisosomu hujaa takataka zisizovunjwa. Mtoto hudumaa, mifupa na moyo wake huharibika, na wengi hawafikilii kubalehe. Hapa ndipo unapoona kwamba chumba kimoja kikiacha wajibu wake, uzima wa vyumba vingine haufai kitu.

FASILI YA TANO: NYUMBA YA ADUI

Sasa turudi Sitalike. Tripanosoma naye ni seli moja, urefu wake yapata sehemu moja ya hamsini ya milimita. Ana kiini, ana Wavu, ana Golgi, ana lisosomu, kama tulivyo navyo sisi. Ila yeye ana jambo la pekee: mizigo yote itokayo na iingiayo hupita mahali pamoja tu, katika kijishimo kilichoko kwenye shina la mkia wake. Ukuta wake uliobaki hautoi wala haupokei.

Mwili wake wote umevikwa joho la protini ya namna moja, nakala zake zapata milioni 10, zilizosongamana kama majani ya makuti juu ya paa. Joho hilo limefumwa penye Wavu, likatiwa mguu wa mafuta wa kulishikiza, likapita Golgi, likatokea kwenye kijishimo. Antibodi za mtu zikilishika joho, adui huogelea mbele, na mkondo wa kuogelea kwake huzisukuma antibodi nyuma mpaka kijishimoni. Humezwa, hupelekwa lisosomu, huvunjwa, na joho hurudishwa juu likiwa safi. Kwa dakika kama 12 joho zima huwa limezungushwa. Hivyo ndivyo anavyoifua nguo yake ndani ya damu yetu.

Na zikizidi antibodi hata asiweze kuzifua, baadhi ya tripanosoma huwa wamekwisha kubadili joho. Wana jeni za majoho zaidi ya elfu, na kila mara huvaa moja. Antibodi zilizotengenezwa kwa joho la jana hazilijui la leo. Wengi hufa, wachache waliobadili huzaana, na homa hurudi. Ndiyo sababu homa ya malale hupanda na kushuka, na ndiyo sababu mpaka leo hapana chanjo yake.

FASILI YA SITA: JAWABU LA SWALI

Tripanosoma wa brusei, ambaye ni mmoja wa vijidudu vya nagana, akiingia katika damu ya mwanadamu hufa. Sababu yake ni protini iitwayo APOL1, ambayo husafiri katika damu yetu juu ya vibebeo vya mafuta. Kazi yake juu ya tripanosoma ilibainishwa na wataalamu wa Brussels, Ubelgiji, mwaka 2003.

Angalia jinsi inavyomwua. Kijidudu kinahitaji madini ya chuma na rangi ya damu, basi kijishimoni pake pana kipokezi cha kushika hemoglobini iliyofungwa na mwenziwe. Kibebeo kile chenye APOL1 kimebeba chambo kama hicho hicho. Kijidudu hukishika kwa tamaa ya chakula, hukimeza, hukipeleka endosomu, na kutoka hapo lisosomu. Penye tindikali APOL1 hugeuka umbo, ikajichoma katika utando na kufungua matundu. Chumvi huingia, maji hufuata, na lisosomu huvimba. Hapa wataalamu wamekhitalifiana: wengine wasema kijidudu hufa kwa kuvimba kwa lisosomu, na wengine wasema APOL1 iliyokwisha kuamshwa na tindikali hurudishwa na vifuko mpaka ukuta wa nje, ikautoboa huko. Vyovyote iwavyo, pande zote mbili zimekubaliana kwamba aliyeipeleka sumu mahali pa kuua ni kijidudu mwenyewe, kwa njia zake na vifuko vyake. Ng'ombe hana APOL1. Basi brusei humstawi ng'ombe na kufa kwa mchungaji.

Ama yuko ndugu wa brusei aitwaye rodesiense, aliyeelezwa mara ya kwanza mwaka 1910 kutokana na mgonjwa wa bonde la Luangwa, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Huyu ndiye aletaye malale ya Tanzania. Kwa kumtazama huwezi kumtenganisha na brusei. Tofauti ni jeni moja iitwayo SRA, ambayo uwezo wake ulithibitishwa mwaka 1998. Asili ya SRA ni joho la zamani lililokatwa likapunguzwa. Protini yake haikai juu ya mwili, bali hukaa katika njia ya endosomu na lisosomu, ikaingoja APOL1 na kuishika kabla haijatoboa kitu. Mlinzi mmoja, amewekwa katika chumba kile kile ambacho sumu ililazimika kupita.

Gambiense, wa Kongo na nchi za magharibi, ana hila nyingine: kipokezi chake kimelegea, basi APOL1 kidogo tu huingia, na tena ana protini yake ya kuulinda utando. Naye nyani ana APOL1 ambayo SRA haiwezi kuishika. Kwa hiyo nyani hukaa porini humo kati ya mbung'o, na rodesiense hamwezi.

Vile vile wapo wanadamu, khasa wenye asili ya Afrika, waliorithi APOL1 iliyobadilika. Namna moja yake huiponyoka SRA. Lakini mwaka 2010 ilijulikana kwamba mtu akirithi mbili za namna hizo, moja kwa baba na moja kwa mama, hatari ya maradhi ya figo humzidia. Silaha ile ile itoboayo utando wa adui yaweza kumdhuru mwenyewe.

FASILI YA SABA: FAIDA YA SOMO HILI

Huenda mtu akasema: siku hizi malale ni wachache Tanzania, na hapa tumeumwa na mbung'o miaka mingi tusione kitu. Tunamjibu kwa khabari ya Tinde, karibu na Shinyanga. Kuanzia mwaka 1934 watafiti wa Tinde walimpitisha rodesiense katika kondoo na wanyama wa porini kwa kuumwa na mbung'o, mmoja baada ya mwingine, miaka mingi, pasipo kupita kwa mtu. Na kila baada ya muda walimjaribu kwa watu waliojitolea. Akawa angali na uwezo wa kuwaambukiza. Maana yake ni kwamba malale yaweza kukaa katika nyati na pofu pasipo kuonekana kijijini, kisha yakatokea. Uchache wa wagonjwa si dalili ya kutoweka kwa adui. Katika Tanganyika ya magharibi, tangu miaka ya 1920, serikali ya wakati ule iliwahamisha watu kwa maelfu kutoka porini, ikawakusanya katika vijiji vikubwa kwa ajili ya maradhi haya. Wazee wao waliyajua, sisi tusiyasahau.

Basi yatupasa mambo manne. La kwanza, tuepuke nguo za buluu na nyeusi tuingiapo porini, kwani rangi hizo humvuta mbung'o, na ndizo zitumiwazo katika mitego yake. La pili, aliyeumwa akaona uvimbe wenye maumivu mahali hapo, au akapata homa katika wiki moja hadi tatu, asingoje. La tatu, afikapo zahanati amwambie mganga wazi, "Niliumwa na mbung'o," maana homa yake hufanana na malaria, na kipimo cha haraka cha malaria hakimwonyeshi tripanosoma. Hana budi kutazamwa damu kwa hadubini. La nne, asijione amepona kwa kuwa homa imeshuka. Tumekwisha kuona kwamba adui yumo katika kubadili joho.

Malale ya rodesiense hayangoji. Mtu asipotibiwa huweza kufa katika miezi michache, na kijidudu kikifika ubongoni matibabu huwa mazito zaidi. Zamani dawa ya hatua hiyo ilikuwa melasoproli, yenye aseniki, ambayo iliwaua baadhi ya waliotibiwa kwayo. Leo ipo feksinidazoli, vidonge vinywewavyo siku 10 pamoja na chakula. Ilijaribiwa kwa wagonjwa wa Malawi na Uganda, na mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani likaiweka katika mwongozo wake wa kutibu rodesiense pia, kwa wagonjwa waliotimiza miaka 6 na uzito wa kilo 20. Wadogo zaidi wana dawa nyingine, na mganga ndiye ajuaye.

MASUALI YA KUKUMBUSHA

Swali: Antibodi huvuka ukuta mara ngapi tangu kufumwa hata kutoka?
Jawabu: Mara moja tu, penye Wavu. Baada ya hapo hubebwa ndani ya vifuko.

Swali: Kazi ya Golgi ni ipi?
Jawabu: Kuzirekebisha sukari za protini, kuainisha mizigo, na kuitia anwani.

Swali: Lisosomu hupata wapi vimeng'enya vyake?
Jawabu: Hufumwa penye Wavu, hupita Golgi, hufikishwa kwa vifuko. Lisosomu haiwezi kujitengenezea.

Swali: Kwa nini brusei hufa katika damu ya mtu?
Jawabu: Kwa kuwa huimeza APOL1 akidhani ni chakula, na njia zake mwenyewe huifikisha penye tindikali, ikatoboa utando.

Swali: Kwa nini rodesiense hafi?
Jawabu: Kwa sababu ya SRA, ikaayo katika njia hiyo na kuishika APOL1.

Swali: Aliyeumwa na mbung'o akapata homa afanye nini?
Jawabu: Aende zahanati siku hiyo hiyo, aseme aliumwa, apimwe damu kwa hadubini.

TAMATI

Umekwisha kuona, ndugu msomaji, kwamba hapana hata chumba kimoja katika seli kifanyacho kazi yake peke yake. Wavu ungefuma bure lau pasingekuwa na Golgi. Golgi ingeainisha bure lau pasingekuwa na vifuko. Na lisosomu isingekuwa na nguvu yoyote bila ya hivyo vyote. Umeona pia kwamba uhai wa mchungaji wa Sitalike na mauti yake yametegemea ni nani aliyewahi kufika katika chumba kimoja kidogo, sumu au mlinzi. Mbung'o atakapokuuma tena njiani kwenda Katuma, ukumbuke somo hili, na umfundishe na asiyelisoma. Wassalamu.